Sura ya Tano: Kutoka Hsinchu Hadi Nyasho

Fundi simu wa Musoma aliyekaa mezani mwaka mmoja tu, awe Nyasho au kando ya Barabara ya Mukendo, anaujua mtego huu. Simu inaletwa imekwama kwenye nembo: inawaka, inaonyesha jina la kampuni, inazima, inarudia. Modeli inajulikana, faili la kuflashi, yaani la kupakia mfumo upya, limo kwenye kompyuta, waya unachomekwa, mstari wa rangi unajaa polepole hadi asilimia 100. Simu inawaka. Mwenyewe anatabasamu, anagusa kioo, na hakuna kinachotokea. Au anagusa juu, kinafunguka cha chini. Au kioo kinabaki cheupe pe huku mlio wa kuwaka ukisikika vizuri kabisa.

Kioo ni kizima. Kilichotokea ni kwamba kiwanda kilitoa modeli hiyo moja kikitumia vioo vya wauzaji wawili au watatu, na kila kioo huja na draiva yake, yaani programu ndogo inayoiwezesha simu kuelewana na kifaa hicho. Faili alilopakia fundi lina draiva ya kioo cha muuzaji mwingine. Itabidi atafute toleo jingine, alinganishe herufi za mwisho za namba ya toleo na zile zilizokuwemo kabla simu haijaharibika, kisha aflashi upya. Akikosea zaidi, akafuta kila kitu bila kuhifadhi nakala, anaondoa hata eneo linalotunza IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na vipimo vyake vya redio. Hapo laini haisomi tena, na mteja aliyekuja na tatizo moja anaondoka na mawili.

Android yenyewe haimsumbui fundi. Hiyo inapatikana bure, kwa matoleo ya kila namna, kwa yeyote mwenye bando. Kinachomkosesha usingizi ni hivi vipande vidogo vinavyofungamana na chuma cha simu moja mahususi, ambavyo hana namna ya kuvisoma, kuvirekebisha wala kuviandika upya. Na vipande hivyohivyo, zaidi ya betri, zaidi ya kioo, ndivyo vinavyoamua simu ya Musoma, Bunda au Butiama itaishi miaka mingapi.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kiini cha mfumo endeshi alichokuwa akikiandika kwenye kompyuta yake mwenyewe. Mwaka uliofuata Linux, kama kilivyokuja kuitwa, kikawekwa chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kukisoma, kukibadilisha na kukisambaza, kwa sharti kwamba anayekisambaza naye aachie msimbo wake. Google iliinunua kampuni changa ya Android mwaka 2005, ikajenga juu ya kiini hicho, na Oktoba 2008 simu ya kwanza, HTC Dream, ikaingia sokoni Marekani. Sehemu kubwa ya Android yenyewe ilitolewa kwa leseni nyingine, ya Apache, ambayo ni legevu zaidi: chukua, badilisha, na ukitaka kufunga, funga.

Ulegevu huo ndio uliowavuta watengenezaji. Kampuni ya simu iliweza kuchukua kazi ya mamia ya waandishi wa programu bila kulipa, ikapaka rangi zake, ikaongeza programu zake, na isidaiwe maelezo na mtu. Hata hivyo kiini cha chini kilibaki chini ya GPL, na hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wachache wanalijua. Ukiingia kwenye Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha maelezo ya kisheria, utakuta kurasa kwa kurasa za leseni ambazo hakuna anayezisoma. Ndani yake mna haki ya kweli: aliyenunua simu ya Android kwenye duka la Bunda, kando ya barabara kuu ya Mwanza, anaruhusiwa kisheria kumdai mtengenezaji msimbo wa kiini uliotumika kwenye simu hiyohiyo. Baadhi ya kampuni huuweka hadharani mapema. Nyingine huchelewa hadi modeli imeshaondoka madukani, na zipo zisizojibu kabisa.

Tuseme ameupata. Bado hatafika mbali.

Draiva ni mkalimani. Kiini hakiijui kamera, hakiijui modemu, hakiijui chipu ya michoro. Kinatoa amri, na draiva inazigeuza ziwe lugha ya kifaa husika. Kwenye simu, mkalimani huyu mara nyingi amegawanywa vipande. Kipande kimoja hukaa ndani ya kiini, na kwa kuwa kimo humo kinaangukia chini ya GPL. Kipande cha pili, ambacho ndicho kimebeba utaalamu wenyewe, hukaa nje ya kiini kama faili la lugha ya mashine: chipu inalielewa, binadamu hawezi kulisoma. Kipande cha tatu kinapakiwa ndani ya chipu ya modemu au ya Wi-Fi na kuendesha mambo yake huko, hata Android haioni kinachofanyika. Chipu za michoro za Mali, zinazobuniwa na kampuni ya Arm ya Uingereza na kutumika katika simu nyingi za bei ya kati na ya chini, ni mfano mzuri. Nusu ya kiini ya draiva yake iko wazi, nusu ya juu imefungwa, na hizo nusu mbili lazima ziwe za toleo linalopatana. Ukibadilisha moja bila nyingine, kioo kinakuwa cheusi.

Sababu za kufunga ni kadhaa, na si zote za hila. Ndani ya draiva moja huweza kuwa na msimbo uliokodiwa kutoka kampuni ya tatu isiyoruhusu kuuanika. Kuna hataza, na hofu kwamba mshindani atasoma na kugundua ama siri ama kosa. Redio ya simu nayo inabanwa na sheria za masafa. Lakini sababu kubwa ni ya kawaida sana: hakuna anayelipwa kuzifungua.

Simu zinazojaa makabati ya vioo ya mkoa wa Mara ni Tecno, itel na Infinix, chapa tatu za Transsion, kampuni ya Shenzhen iliyoanzishwa mwaka 2006 na kulilenga soko la Afrika tangu siku zake za mwanzo. Transsion haitengenezi chipu. Inazinunua, hasa kutoka MediaTek ya Hsinchu, Taiwan, na Unisoc ya Shanghai, ambayo zamani ilijulikana kama Spreadtrum. MediaTek ilijijengea jina huko Shenzhen kwa kuuza chipu pamoja na kifurushi kizima cha programu: kiini kilichorekebishwa, draiva zote, na toleo fulani la Android lililokwisha kujaribiwa juu yake. Kiwanda kidogo kisicho na wahandisi wengi kiliweza kutoa simu kwa miezi michache. Bila mtindo huo wa biashara, smatifoni ya bei ndogo isingefika Butiama mapema vile, na hilo linastahili kusemwa kabla ya lawama.

Lakini kifurushi kina umri. MediaTek ikitoa cha Android 11 kwa chipu fulani, mtengenezaji anayetaka kupeleka Android 12 kwenye simu iliyokwisha kuuzwa anahitaji kifurushi kipya, chenye draiva zilizojengwa upya. Ni mwenye chipu peke yake anayeweza kuzijenga, kwa sababu ni yeye peke yake mwenye msimbo. Kwake yeye, chipu ya simu ya laki mbili au tatu ilishampa faida yake siku ilipotoka kiwandani. Mteja wake ni kampuni ya simu, nayo kampuni ya simu inataka kuuza modeli ya mwaka huu. Katika mlolongo wote huo, mchuuzi wa dagaa wa mwalo wa Mwigobero ambaye simu yake ya miaka mitatu ndiyo benki yake hana meza anayoweza kwenda kulalamikia.

Linux nayo ina mchango wake katika tatizo hili, tena kwa makusudi. Wanaokitunza kiini hicho, Greg Kroah-Hartman akiwa miongoni mwa wanaosikika zaidi, wamekataa kwa miaka mingi kuahidi kwamba sehemu za ndani hazitabadilika. Wanasema hivi: lete draiva yako ndani, iweke wazi, na sisi tukibadilisha chochote tutairekebisha pamoja na nyingine zote. Ukikaa nayo nje, kila toleo jipya litakuvunjia kazi, na huo ni mzigo wako. Kwa kompyuta na seva, dawa hiyo ilifanya kazi; kampuni moja baada ya nyingine zilileta draiva zao ndani. Watengenezaji wa chipu za simu wengi walichagua mzigo. Waliandika maelfu kwa maelfu ya mistari pembeni, wakaifungamanisha na toleo moja la kiini, na simu ikazaliwa, ikaishi na kufa na toleo hilohilo.

Hata Google ilinaswa. Galaxy Nexus, simu iliyotoka mwishoni mwa 2011 ikiwa kielelezo cha Android safi, ilitumia chipu ya OMAP ya Texas Instruments. Mwaka 2012 Texas Instruments ilijitoa kwenye biashara ya chipu za simu. Oktoba 2013, Android 4.4 ilipotoka, Google ilitangaza kwamba Galaxy Nexus haitaipata. Haikuwa imetimiza hata miaka miwili. Mwenye Android, mwenye pesa, mwenye wahandisi, alikwama kama fundi wa Nyasho.

Kampuni moja ndogo ya Uholanzi ilijaribu kuutunishia msuli mlolongo huo. Simu ya kwanza ya Fairphone, ya mwaka 2013, ilitumia chipu ya MediaTek. Kampuni haikufanikiwa kuipandisha matoleo ilivyotaka, na mwaka 2017 ikakiri kwamba haiwezi tena kuihudumia. Fairphone 2, ya mwishoni mwa 2015, ilikuwa na chipu ya Qualcomm, Snapdragon 801, ambayo Qualcomm yenyewe iliacha kuiandalia vifurushi baada ya Android 6. Fairphone haikuacha. Ikisaidiana na watu wa kujitolea wa LineageOS, mradi wa chanzo huria uliozaliwa Desemba 2016 kutoka kwenye mabaki ya CyanogenMod, ilizifunga draiva zilezile za zamani kwenye mifumo mipya kwa subira kubwa, kosa moja baada ya jingine. Simu hiyo ilifika Android 10 na kuhudumiwa hadi Machi 2023, miaka saba na zaidi. Walipotengeneza Fairphone 5, wala hawakuchagua chipu ya simu: walichukua chipu ya Qualcomm iliyokusudiwa kwa mashine za viwandani, kwa kuwa hiyo iliuzwa pamoja na ahadi ndefu ya masasisho.

Google ilijibu kwa upande wake mwaka 2017, kwenye Android 8, kwa mpango ulioitwa Treble. Draiva za muuzaji zilihamishiwa kwenye sehemu yao ya hifadhi, na kati yao na Android ukawekwa mpaka wenye kanuni zisizobadilikabadilika. Nia ilikuwa kwamba juu kubadilike bila kugusa chini. Ni kazi nzuri, na mafundi wameionja: simu ya Treble inaweza kupakiwa picha ya mfumo ya jumla, isiyotengenezwa kwa ajili ya modeli hiyo, na ikawaka. Kisha kamera inagoma, au simu za 4G hazitoki, au alama ya kidole haisomi, na mteja anaomba arudishiwe "ile ya zamani". Miaka miwili baadaye, kwenye Android 10, ukaja mpango mwingine wa kusasisha baadhi ya vipande vya mfumo kupitia Google Play. Hiyo nayo husaidia, ila haishuki hadi kwenye draiva.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba kilichofungwa ni kibaya na kilicho wazi ni salama. Kisa cha Mali kinaivuruga hesabu hiyo. Katikati ya 2022 Jann Horn, mtafiti wa kikosi cha Project Zero cha Google, aligundua mianya mitano ya usalama katika draiva ya Mali, kwenye ile nusu ya kiini iliyo wazi. Arm iliiziba haraka, Julai na Agosti mwaka huohuo, na viraka vikawa hadharani. Novemba, mwenzake Ian Beer akaandika kwamba simu walizozijaribu zilikuwa bado na matundu yaleyale, zikiwemo za Google yenyewe. Kiraka kilikuwepo, msimbo ulikuwa wazi, na bado hakuna aliyekibeba hadi mfukoni mwa mwenye simu.

MediaTek ilipitia jambo linalofanana na hilo mapema zaidi, na hili linagusa Mara moja kwa moja kwa sababu chipu ndizo hizihizi. Mwanzoni mwa 2019 njia ya kujipatia mamlaka yote ya simu kupitia draiva ya MediaTek ilikuwa imeshasambaa hadharani. Programu ndogo tu ilitosha: bila waya, bila kompyuta, ilimpa mwenye kuiendesha uwezo wa kusoma kila kitu. Mei 2019 MediaTek iliwapa watengenezaji dawa. Wengi hawakuitumia, na MediaTek haikuwa na uwezo wa kuwalazimisha. Machi 2020 Google ikaliingiza tundu hilo kwenye taarifa yake ya mwezi ya usalama, ambayo watengenezaji wenye mkataba nayo wanatakiwa kuifuata. Takriban mwaka mzima ulikuwa umepita. Baadhi ya mafundi, si siri, walilifurahia: liliwarahisishia kazi.

Safari ya faili kutoka kiwandani hadi dukani nayo ina mikono mingi. Juni 2019 Google ilieleza jinsi programu hasidi iitwayo Triada ilivyokuwa ikiingizwa kwenye simu kabla hazijauzwa, kupitia wakandarasi waliotumiwa picha nzima ya mfumo ili waongeze kipengele kimoja. Agosti 2020 kampuni ya Upstream ilitangaza kuikuta kwenye Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini. Transsion ilimtaja mhusika asiyejulikana katika mnyororo wake wa ugavi. Mnunuzi hakuwa na dirisha la kuchungulia.

Kwa mtu wa Bunda mambo haya hayaji na majina ya mianya. Yanakuja kama usumbufu. Tarehe 1 Novemba 2021 WhatsApp iliziacha simu za Android 4.0.4 na za nyuma yake. Smart Kitochi, simu ya vitufe ambayo Vodacom iliileta nchini mwaka 2019, ilikuwa na mfumo wa KaiOS, mjukuu wa mradi wa chanzo huria wa Mozilla. Wengi waliinunua kwa ajili ya WhatsApp, na katikati ya 2024 WhatsApp ikazuia usakinishaji mpya kwenye KaiOS, kisha mwaka uliofuata ikaondoka kabisa. Simu ni nzima, betri inakaa siku tatu, tochi inawaka.

Kisha kuna kisa cha vyeti, ambacho kingeweza kuwa kikubwa kuliko vyote. Tovuti nyingi duniani huthibitisha utambulisho wao kwa vyeti vya Let's Encrypt, shirika linalovitoa bure. Simu huvikubali kwa kuwa inacho ndani yake cheti mama cha kulinganishia. Android za kabla ya 7.1.1 hazikuwa na cheti mama cha Let's Encrypt. Zilitegemea cha kampuni nyingine, kilichoisha muda tarehe 30 Septemba 2021. Mwishoni mwa 2020 shirika lilikadiria kwamba takriban theluthi moja ya simu za Android zilikuwa za matoleo hayo ya zamani, na kwamba zingeanza kukataa tovuti kwa mamilioni. Kuongeza cheti kimoja ni kazi ya faili dogo mno, lakini kwenye simu zile hapakuwa na wa kuliongeza. Kilichookoa ni udhaifu mwingine: Android za zamani hazikuwa zikikagua kama cheti mama kimeisha muda. Let's Encrypt wakapata saini iliyoegemea cheti hichohicho kilichokufa, wakajinunulia miaka mitatu. Septemba 2024 nayo ikapita. Ushauri uliobaki kwa mwenye simu ya zamani ulikuwa kusakinisha Firefox, kwa kuwa kivinjari hicho kinabeba vyeti vyake chenyewe.

Tanzania imewahi kuonyesha kwamba inaweza kuliamulia soko lake. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu bandia nchi nzima. Kwa wiki kadhaa kabla ya hapo watu walikuwa wakibonyeza *#06#, wakituma namba kwenda 15090 na kusubiri jibu kwa roho juu. Kipimo kilikuwa IMEI: simu ni halali au si halali. Umri wa programu haukuwa sehemu ya swali. Ulaya wamelichukua kutoka upande huo. Kuanzia tarehe 20 Juni 2025 Umoja wa Ulaya una kanuni kwamba masasisho ya mfumo yaendelee kupatikana kwa angalau miaka 5 tangu modeli ilipoacha kupelekwa sokoni. Google ilishaahidi miaka 7 kwa Pixel 8 mwaka 2023, Samsung ikafuata na Galaxy S24. Hizo si bei za Bunda. Lakini simu zilizotumika kutoka nje hufika, na hutokea kwamba simu ya mkono wa pili ina miaka mingi ya viraka mbele yake kuliko mpya iliyo kando yake kwenye kabati hilohilo. Boksi linaeleza kamera, RAM na betri. Tarehe ya kiraka cha mwisho haiandikwi popote.

Kwa wenye subira kuna njia ndefu: kuiandika draiva upya bila msaada wa mwenye chipu. Alyssa Rosenzweig alianza akiwa bado mwanafunzi kuichambua chipu ya Mali, akitazama amri zinazoingia na matokeo yanayotoka, na draiva huria iliyotokana na kazi hiyo, Panfrost, iliingia rasmi kwenye Linux mwaka 2019. Arm haikuwa imetoa hata ukurasa mmoja wa maelezo. Ni kazi ya miaka kwa familia moja ya chipu, na simu ina chipu kadhaa. Hata upande ulio wazi nao umeanza kurudisha pazia: tangu Machi 2025 Google huendeleza Android faraghani na kuachia msimbo toleo linapokamilika, na Android 16 ilipotoka Juni mwaka huo, mafaili ya kuijenga kwa ajili ya simu za Pixel, yaliyokuwa yakiambatana nayo siku zote, hayakuwemo.

Butiama ndiko mambo haya yote yanakokutana kwenye kiganja kimoja. Shirika la Hope for Girls and Women, lililoanzishwa na Rhobi Samwelly, lina nyumba salama Butiama na Mugumu kwa ajili ya wasichana wanaokimbia ukeketaji, ambao huongezeka sana wakati wa likizo ya Desemba. Tatizo la mwanzo lilikuwa ramani. Msichana anapiga simu usiku, anataja kitongoji, na polisi wa dawati la jinsia hawajui gari lielekee wapi, kwa sababu kitongoji hakimo kwenye ramani yoyote. Crowd2Map, mradi ulioanzishwa na Janet Chapman mwaka 2015, uliwakusanya maelfu ya watu wa kujitolea duniani kuchora nyumba na njia kutoka kwenye picha za setilaiti na kuziingiza kwenye OpenStreetMap, ramani huria. Wenyeji wakaongeza majina, wakitembea na simu. Vijijini wakachaguliwa mabingwa wa kidijitali, kila mmoja na smatifoni, wa kuripoti matukio kwa fomu za ODK Collect, programu ya kukusanyia taarifa kwa simu.

Karibu kila kitu katika mpangilio huo ni cha wazi. ODK ilianza mwaka 2008 chini ya Gaetano Borriello wa Chuo Kikuu cha Washington. Maps.me, programu ya ramani isiyohitaji bando iliyotumika mwanzoni, ilibadilisha wamiliki mwaka 2020. Msimbo wake ulikuwa umeshaachiwa, hivyo waanzilishi wake wakauchukua na mwaka uliofuata wakatoa Organic Maps. Hakuna kijiji kilichopoteza ramani kwa sababu ya mauzo yale. Programu zote mbili, ODK na Organic Maps, kwa miaka mingi ziliendelea kukubali simu za Android 5, ya mwaka 2014. Waandishi wake wanajua simu zinazobebwa vijijini ni zipi.

Kisichokuwa wazi ni nukta yenyewe ya bluu kwenye ramani. Mahali ulipo hukokotolewa ndani ya chipu ya GPS, kwa programu ya muuzaji ambayo hata Android hupokea jibu lake tu. Aprili 2019 kihesabio cha wiki cha GPS kilijaa na kuanza upya, kama kinavyofanya kila baada ya wiki 1,024, na vifaa visivyosasishwa vilikuwa hatarini kujikuta vimerudi nyuma karibu miaka 20. Apple ilipeleka sasisho hadi kwenye iPhone 5, simu ya mwaka 2012, kwa kuwa mfumo na chuma viko mkononi mwake. Kwa simu ya bei nafuu yenye kifurushi kilichokwisha umri, ni bahati ya aliyeandika draiva.

Na fomu anayojaza bingwa wa kijiji ina jina la msichana, kitongoji chake na watu wanaomtishia. ODK imeweka njia ya kuifunga kwa ufunguo fomu hiyo inapokamilishwa, ili hata aliyeiba simu asiisome. Hadi sekunde hiyo, kila herufi imepita kwenye kioo, kiini na draiva za simu ambayo, chini ya Mipangilio, tarehe ya sasisho lake la usalama inaweza kuwa imetangulia ile ya kuzaliwa kwa modeli iliyomo dukani leo.